Mmiliki wa Saa Nne na Nusu

Haya aliniambia Mwanvita mwenyewe, Jumamosi ya kwanza baada ya kongamano, alipoteremka mjini na karafuu zake akapita kwangu Mwembesongo kupumzisha miguu. Alicheka mpaka chai ikapoa kikombeni. Yale ambayo yeye hakuyaona, yaliyokuwa moyoni mwa mumewe, nimeyajaza mwenyewe, maana Dadi namfahamu tangu hajaota ndevu, na jambo likiingia moyoni mwake hata jirani wa nyumba ya tatu analiona.

Dadi ni mzee wa miaka sitini na tatu, mrefu, amenyooka, mwenye sauti ya kuadhinia. Alioa huko juu Kinole, na kwa desturi ya Waluguru hakumchukua mke. Yeye ndiye aliyechukuliwa. Ardhi ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama. Hutoka kwa bibi ikaenda kwa mama, ikatoka kwa mama ikaenda kwa binti. Mume akija hupewa jembe, chakula na heshima yake, basi. Shamba la Mwanvita ni ekari saba za mikarafuu, pilipili manga na migomba. Miaka thelathini na minane Dadi amelilima. Ipo mikarafuu aliyoipanda kwa mkono wake ambayo leo akisimama chini yake unamtafuta. Lakini shamba halikuwa lake hata siku moja, na jambo hilo kila mtu alilijua, mpaka kuku.

Anayeisimamia ardhi ya ukoo ni kaka yake Mwanvita, Mzee Twalibu, mtu anayeyatoa maneno kama anayanunua dukani. Sheria yake ni moja: mkwe atakayejiita mwenye shamba anafungiwa nguo zake anarudishwa kwa mama yake, hata kama mama alishafariki. Miaka mitatu iliyopita alimrudisha Yusuph wa bondeni, ambaye alimwambia mnunuzi wa ndizi "shamba langu" mara mbili katika mazungumzo ya dakika tano. Yusuph sasa amepanga chumba Kingolwira, na akiona ndizi anageuza uso.

Kwa hiyo msije mkasema Dadi hakujua.

Siku Thobias alipofika, Mwanvita alikuwa msibani kijiji cha pili. Thobias ni kijana wa kutoka mbali, huko kwao shamba ni la baba na habari imekwisha. Alikuja na bodaboda, viatu vimejaa tope, shingoni amevaa kitambulisho chenye cheo kirefu kuliko jina lake: Mratibu wa Mada na Wataalamu, Kongamano la Fedha za Biashara. Kongamano lilikuwa limebakiza wiki mbili, na ratiba ilikuwa na shimo. Kipindi cha "Ardhi Yako, Dhamana Yako" kilikuwa cha profesa mmoja aliyepata kongamano jingine Arusha, ambako wataalamu walilazwa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mkurugenzi wake, Madam Eufrazia, alikuwa amemwambia, "Niletee mkulima halisi. Awe na sura ya shamba, ila asinuke shamba."

Thobias akamkuta Dadi amesimama chini ya mkarafuu, mikono kiunoni, anawaelekeza vibarua wawili. Akahisi Mungu amemjibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, lakini hiyo miguu kwanza ipitishe kwenye maji."

"Mzee, shamba zuri hivi sijapata kuona. Kila kitu kimejipanga. Wewe ndiye mmiliki?"

Dadi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Vibarua walikuwa watu wa kuja, nao wameinama. Kwa miaka thelathini na minane hakuna mtu aliyepata kumuuliza swali hilo, kwa sababu wote walikuwa na jibu.

"Ndiyo," akasema. Neno moja tu, likateleza kama mlenda.

Thobias akaliandika haraka kabla halijapoa.

Mkewe aliporudi, Dadi alimwambia ameitwa mjini kwenye semina ya wakulima. Hakudanganya sana. Aliikata tu ncha habari yenyewe.

Vikao vya maandalizi vilikuwa vitatu, ofisini kwa Madam Eufrazia, na Dadi alihudhuria vyote kwa koti lake la harusini. Wakati huo alijua fedha ni kitu cha kutafutwa. Alipotoka huko alikuwa amejua kwamba fedha ni kitu cha kuwasilishwa. Meza ilikuwa na maji ya chupa, korosho, na Daktari Evance, mtaalamu mkuu, aliyekuwa amepangiwa vipindi vinne. Mada yake kubwa ilikuwa "Nidhamu ya Fedha kwa Mjasiriamali Mdogo", na siku ya kikao cha kwanza alichukua nauli yake mara mbili, asubuhi kwa Thobias, mchana kwa Madam.

Walianza na ratiba. Saa mbili kujiandikisha. Saa mbili na nusu utambulisho. Halafu neno la ukaribisho. Halafu neno la kumkaribisha atakayemkaribisha mgeni rasmi. Halafu huyo aliyekaribishwa amkaribishe mgeni rasmi. Halafu mgeni rasmi. Halafu picha ya pamoja, halafu chai. Fedha zenyewe zingeanza kutajwa saa nne na nusu, na wa kwanza kuzitaja angekuwa Dadi.

"Na wanawake?" Thobias akauliza. "Wafadhili wamesisitiza wanawake."

"Wapo," akasema Madam. "Saa kumi na moja jioni. 'Mwanamke na Mtaji'."

"Saa kumi na moja si tunafunga?"

"Watazungumza huku tunafunga. Kwani wao hawawezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja?"

"Na mtaalamu wa kipindi hicho ni nani?"

"Niandike mimi," akasema Daktari Evance, akitafuna korosho. "Wanawake wenyewe ukiwaita watakuja na mambo yao."

Kisha wakamgeukia Dadi. Walimpa cheo: Mtaalamu Mzawa. Walimwandikia wasifu ambao alipousomewa alidhani ni wa mtu mwingine, akataka kumjua.

"Mzee, pale mbele usiseme 'nalima'," Daktari akamfundisha. "Sema 'nimewekeza katika mnyororo wa thamani'."

"Mnyororo? Mimi mbuzi sifugi."

"Na usiseme jembe. Sema zana. Usiseme ukame, sema mabadiliko ya tabianchi. Mvua isiponyesha wewe umepata changamoto."

"Na nikiwa na njaa?"

"Hiyo nayo ni changamoto, ila usiitaje kabla ya chakula cha mchana."

Wakampiga picha ameshika shina la mkarafuu wa plastiki, ua la mapokezi kwa kweli, lakini Thobias alisema kwenye ukuta haitajulikana. Dadi alirudi mlimani kichwa kimevimba. Njiani alijaribu kusema "mimi kama mmiliki" kwa sauti ya chini, akaona linakaa vizuri mdomoni. Akalisema tena kwa sauti ya kuadhinia, na mbuzi wa watu wakakurupuka.

Sasa sikilizeni kosa la Thobias, ambalo asingelifanya mtu wa huku hata akiwa usingizini. Ukumbi ulikuwa wa viti mia mbili na waliojiandikisha walikuwa sitini na mmoja. Madam akapiga kelele kwamba mgeni rasmi hawezi kuhutubia viti. Thobias akaamua kuwaalika jamaa za wataalamu. Akachukua kadi tatu na ratiba iliyopigwa chapa kwa rangi, akaziweka kwenye bahasha, akaandika juu yake: Mkuu wa Familia Yenye Shamba la Mzee Dadi, Kinole. Akampa dereva wa bodaboda. Dereva ni mtoto wa Kinole. Alisoma bahasha, hakuuliza mtu, akaipeleka moja kwa moja kwa Mzee Twalibu.

Dadi alikuwa uani anapepeta karafuu alipomwona shemeji yake anakuja na bahasha mkononi, anatembea polepole. Mwanvita akatoka jikoni, akapokea ratiba, akavaa miwani. Yeye alifika darasa la saba, na husoma kwa sauti.

"'Saa nne na nusu. Ndugu Dadi, Mtaalamu Mzawa, mmiliki wa ekari saba za viungo, atazungumza jinsi alivyoigeuza ardhi yake kuwa mtaji.'"

Ungo ukasimama hewani.

"Wachapaji hao," akasema Dadi. "Watoto wa siku hizi, hawapitii kazi zao."

"Hapa pana picha," akasema Twalibu.

"Hiyo picha..."

"Umeshika ua la plastiki."

Mwanvita akaikunja ratiba vizuri, mikunjo minne, kama anakunja leso.

"Yusuph nilimsikia kwa masikio yangu," akasema Twalibu. "Wewe nimekusoma tu. Karatasi inaweza kusingizia mtu. Alhamisi tutakwenda, tutakaa pale, nitakusikia. Utakalolisema mdomo wako ndilo nitakalolishika." Akaondoka. Kwa Twalibu hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka mzima.

Siku tatu Mwanvita hakusema neno juu ya jambo lile. Alipika, aliuliza habari za pilipili, alicheka na majirani. Dadi alikonda. Alitamani agombwe, avunjiwe hata sahani. Jumatano jioni mkewe alimfulia kanzu, akaipiga pasi ikasimama yenyewe. Kisha akachukua nguo zake nyingine zote, mashati, suruali mbili za shamba, sweta la baridi, akazipanga kwenye mfuko wa salfeti, akaufunga kwa kamba.

"Mama Semeni, hizo za nini?" Dadi akamuuliza mkewe.

"Za safari."

"Si tunakwenda na kurudi?"

"Mimi na kaka tunakwenda na kurudi. Wewe hatujui utarudi upande gani."

Alhamisi saa mbili asubuhi Dadi alimvuta Thobias nyuma ya spika. Amelowa jasho, kanzu imeanza kusahau pasi.

"Mwanangu, nitoe kwenye ratiba."

"Mzee, usinifanyie hivyo! Imeshapigwa chapa kwa rangi."

"Lile shamba si langu."

"Ni hofu ya jukwaa, mzee. Hata Daktari hupata, ila yeye akishalipwa inapungua."

Akamwendea Madam Eufrazia, akamkuta anapanga chupa za maji ya meza kuu kwa vyeo. "Baba yangu," Madam akamjibu bila kugeuka, "jina lako lipo kwenye fulana. Fulana mia mbili. Nenda kakae."

Alikaa. Watu walitambulishwa, na waliotambulishwa wakawatambulisha wenzao. Aliyekaribisha alikaribisha. Mgeni rasmi alihutubia nusu saa juu ya umuhimu wa kutunza muda. Walipokunywa chai na kurudi, ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, lakini Daktari Evance, ambaye pia ndiye alikuwa mwongozaji wa mjadala, alitangaza, "Sasa ni kipindi chetu cha saa nne na nusu," na hakuna aliyeshangaa.

Dadi akapanda. Nyuma yake ukutani picha yake ikawaka, kubwa kama mlango wa ghala. Mbele, mstari wa kwanza, meneja wa kanda wa benki alikuwa ameegemea kiti, kalamu mkononi. Mstari wa tatu alikaa Twalibu, mikono magotini. Pembeni yake Mwanvita, ametulia. Katikati yao, juu ya kiti chake chenyewe kama mgeni mwalikwa, ulikaa mfuko wa salfeti.

Dadi akautazama ule mfuko. Maneno yote aliyofundishwa, mnyororo, zana, changamoto, yakatawanyika kama panzi.

"Mabibi na mabwana," akasema. "Shamba lile si langu."

Meneja wa benki akainua kalamu. Twalibu hakupepesa.

Daktari Evance akalidaka neno lile haraka. "Mmesikia hayo? Mmesikia? Mtaalamu anaanza kwa kutuchokoza! Anatuuliza, umiliki ni nini hasa? Makofi tafadhali!"

Makofi yakapigwa.

"Hapana," akasema Dadi. "Sichokozi mtu. Shamba ni la mke wangu. Ni la ukoo wa mke wangu. Mimi nimeoa tu."

"Umiliki shirikishi!" Daktari akapaza sauti, anaandika. "Huyu mzee hana digrii hata moja, jamani. Anachomaanisha ni kwamba mwekezaji wa kweli hutenganisha mali na nafsi yake. Hii tutaiita Modeli ya Dadi."

Watu wakainua simu wakaanza kumrekodi. Madam Eufrazia, pembeni, alikuwa anatabasamu mpaka hereni zinacheza. Kadiri Dadi alivyokana ndivyo alivyozidi kuwa mtaalamu. Alisema hajui kitu, wakasema ni mnyenyekevu. Alisema amedanganya, wakasema anatoa mfano. Mtu mmoja nyuma akauliza hiyo modeli kitabu chake kinapatikana wapi.

Meneja wa benki naye akaomba kipaza sauti. "Mzee, nimevutiwa. Kwa shamba kama hilo sisi tunaweza kukupa mkopo wiki ijayo. Kinachotakiwa ni saini yako."

Hapo Twalibu akasimama. Kijana wa kipaza sauti akamkimbilia. Twalibu akakitazama kile chombo, akakirudisha, akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Nataka jibu fupi. Lile shamba la nani?"

"La dada yako, shemeji. Na la mabinti zake."

"Na wewe ni nani pale?"

Picha yake kubwa ilikuwa bado inang'aa nyuma, imeshika ua la plastiki. "Mimi ni mkwe. Kijana yule aliniuliza kama mimi ndiye mmiliki, nikamwambia ndiyo. Nilipenda tu kulisikia. Wachapaji hawana kosa."

Safari hii hata Daktari hakupata la kutafsiri. Twalibu akatikisa kichwa mara moja. "Nimesikia. Mimi sina la kumfukuzia. Lakini nyumba anayolala si yangu, ni ya dada yangu. La nyumba ataamua mwenyewe." Akakaa.

Thobias ndipo akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeketi juu ya mayai. Akamkimbilia Mwanvita na ratiba yake. "Mama, samahani sana mama, kumbe ni wewe! Tutakuingiza saa kumi na moja, kwenye kipindi cha wanawake..."

"Saa kumi na moja mimi nina gari la kurudi," akasema Mwanvita. "Nipe hicho chombo."

Akasimama pale pale penye kiti chake, hakupanda jukwaani.

"Bwana wa benki, mkopo nautaka. Nataka banda la kukaushia karafuu, maana mvua zinaniozeshea nusu. Nilikuja ofisini kwenu mwaka jana, mkanituma nikalete hati. Shamba la ukoo halina hati, na hata lingekuwa nayo siiweki kwenye meza ya mtu. Lakini mmesema mnataka dhamana." Akanyoosha kidole jukwaani. "Mchukueni yule."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Mama, benki haipokei watu," akasema meneja, naye anacheka.

"Kwa nini? Magari mnapokea, na yanachakaa miaka mitano. Huyu ana miaka thelathini na minane kazini, anaamka bila kuwashwa, na hajapata kuharibika ila wiki mbili hizi mlipomgusa nyinyi. Nguo zake nimeshazifunga, huu mfuko hapa. Mkitaka mnaondoka naye leo."

Mgeni rasmi alicheka mpaka akatoa leso. Watu walisimama, wakapiga meza. Meneja alisema suala limepokelewa na litafanyiwa kazi, maneno ambayo Mwanvita alikuwa ameyasikia pia mwaka jana. Dadi peke yake ndiye hakucheka. Alisimama pale juu na kanzu yake iliyokunjamana, anamtazama mkewe, anajaribu kujua ule ulikuwa mzaha kiasi gani.

Walikula pilau, wakaondoka. Saa kumi na moja Daktari Evance alizungumzia mwanamke na mtaji mbele ya vijana wanaokusanya viti, na Madam Eufrazia akasoma azimio la kwanza la kongamano: wanawake washirikishwe tangu hatua za awali. Thobias aliliandika. Kama alikuwepo mwanamke mwingine wa kulisikia, basi ni yule aliyekuwa anaosha vikombe.

Walifika Kinole adhana ya magharibi inamalizika. Njia nzima Mwanvita alizungumza na kaka yake habari za ndizi. Mfuko wa salfeti alikuwa nao Dadi, mapajani, na hakuna aliyemwambia aushushe au aupeleke wapi. Twalibu akaagana nao njia panda, akaenda kwake, na kwa kuwa ni mtu asiyekaa na kinyongo, alilala mara tu alipogusa kitanda.

Mwanvita akala viazi vitamu, akaswali, akaingia chumbani. Dadi akabaki sebuleni na mfuko wake. Akaigusa kamba, akaiacha. Hakujua aifungue kwa idhini ya nani. Mwisho aliingia, akaulaza mfuko chini karibu na mlango, akajinyoosha ukingoni mwa kitanda, sehemu nyembamba kama amepanga. Taa ya sola ilikuwa bado inawaka. Alisikiliza mkewe anavyopumua.

"Mama Semeni."

Akajiinua kwa kiwiko.

"Mama Semeni, ule wa pale ukumbini ulikuwa utani?"

Mwanvita akageuka ukutani. Usingizi ulikuwa umeshamshika sauti.

"Pilipili ya kule juu haijafungwa, kesho kaifunge," akasema. "Mtaalamu, zima taa."

Akawa ameshalala. Dadi akainuka, akaizima. Gizani akaupapasa mfuko, akaikata ile kamba kwa meno, akalitoa sweta lake akalivaa, maana kule juu usiku kuna baridi. Akarudi kitandani, safari hii akajisogeza ndani kidogo, halafu kidogo tena, mpaka mgongo wake ukagusa mgongo wa mwenye shamba, naye akalala.